Umefika miaka 40 na unataka kujifunza gitaa au kinanda? Kinachokuzuia si vidole

Mleta uzi, Mbeya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mbeya, na jioni watu wakishatoka kazini nafundisha kinanda na gitaa. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: wafanyabiashara wa Mwanjelwa, walimu, manesi, mafundi, watumishi wa ofisi za serikali, watu wenye familia na majukumu yao. Ujumbe ninaopokea kwenye simu ni uleule: "Mwalimu, nina miaka 43, sijachelewa kweli?" Nimewajibu mmoja mmoja, sasa naona niandike mahali pamoja tusome wote, na wenye uzoefu waongezee.

Hujachelewa. Ila kuna jambo lazima likae sawa kichwani hata kabla hujanunua chombo, na hilo ndilo nataka tulizungumze.

Wengi wanadhani mtu mzima anashindwa kwa sababu vidole vimekomaa. Niliowaona mimi wakiacha, wengi wao vidole vilikuwa vinaenda vizuri tu. Kilichowatoa ni aibu.

Fikiria mtu mzima alivyozoea kuishi. Kazini akiulizwa anajibu. Nyumbani akikohoa watoto wanatulia. Kwenye kikao cha ukoo anapewa kiti cha mbele. Halafu jioni moja anakaa kwenye kinanda, na anayemfundisha ni kijana wa miaka 20 au 21. Kijana kamwamkia shikamoo mlangoni kwa adabu zote, na dakika tatu hazijaisha anamwambia, "Hapana baba, hapo ni kidole cha tatu. Rudia." Anarudia. "Bado, umekimbia. Tuanze mwanzo." Nimeona bosi wa watu akitokwa jasho usoni mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe.

Pale ndipo watu wanapoachana. Kuna anayesema moyoni "huyu mtoto ananidhalilisha". Wiki inayofuata ana kikao, wiki ya pili ana safari, na baada ya hapo kinanda kinafunikwa kitambaa sebuleni na juu yake yanawekwa maua. Na kuna anayesema, "Mwalimu, hebu nionyeshe tena." Huyo wa pili hata akiwa na miaka 55 sina wasiwasi naye. Kijana akikurudisha nyuma hajakuvunjia heshima. Kesho atakuamkia vilevile. Alichogusa ni kidole tu.

Jambo jingine ni sikio. Mtoto wa miaka saba akibonyeza kinanda kikalia, amefurahi, yametosha. Hasikii kwamba amekosea. Wewe umesikiliza muziki miaka 30 na zaidi: kwaya, redio, bendi, harusi, misiba. Sikio lako limeshakua, linajua wimbo unavyotakiwa kuwa. Vidole ndiyo vichanga. Kwa hiyo siku ya kwanza tu unayasikia makosa yako yote na unaumia, kisha unajiambia "mimi sina kipaji". Jamani, mwanafunzi anayesikia kosa lake mwenyewe mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana kazi yangu imepungua nusu. Anayenipa shida ni yule asiyesikia, kwa sababu siwezi kukaa naye nyumbani kwake kila siku nikimwambia hapo sivyo.

Na huku kwetu tuna akiba ambayo watu hawaihesabu. Nyanda za Juu Kusini tumeimba. Nenda Rungwe, Njombe, Iringa, Mbozi, ni nadra ukose kwaya mtaani au kijijini, na nyingi zinajifunza kwa toniki solfa, zile d r m f s l t kwenye karatasi za kudurufu. Mfumo huo chanzo chake ni mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na John Curwen ndiye aliyeuendeleza na kuueneza karne ya 19 ili watu wa kawaida, wasiojua nota za mistari, waweze kusoma wimbo na kuuimba. Wamisionari wakaja nao Afrika. Sasa kama umeimba sauti ya alto au ya tenor miaka kumi, wewe si mtu anayeanza kutoka sifuri.

Jaribu hivi. Kaa kwenye kinanda, tafuta C (funguo nyeupe iliyo kushoto mwa zile funguo nyeusi zinazokaa mbilimbili), iite do. Bonyeza do, mi na so kwa pamoja, mkono wa kulia. Sasa do ibaki palepale, mi ipande iwe fa, so ipande iwe la. Umeshatoka kodi ya C ukaingia kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na mkono haujahama. Rudi do, mi, so. Safari hii so ndiyo ibaki, do ishuke iwe ti, mi ishuke iwe re. Hiyo ni kodi ya G. Muimbaji wa alto hatua hizo anazo kooni: mi kwenda fa na kurudi, mi kwenda re na kurudi, ndiyo kazi yake ya kila Jumapili. Kinachobaki ni vidole vifundishwe kitu ambacho koo linakijua tayari. Na kodi tatu hizo tu zinabeba mapambio mengi ajabu.

Kuna namba imetisha watu pia: saa 10,000. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Waliokuwa bora zaidi walikuwa wamefanya wastani wa takriban saa 10,000 za mazoezi walipofika miaka 20. Baadaye, hasa kuanzia 2008, namba ikasambaa kama kanuni ya kujifunza kitu chochote duniani. Lakini wale walikuwa vijana wanaoandaliwa kupiga fidla jukwaani kama kazi ya maisha. Wewe unataka familia iimbe ibada ya jioni na wewe ukiwasindikiza, au upige wimbo mmoja siku ya kipaimara cha mwanao. Hesabu yako ni nyingine kabisa. Kwa ninavyowaona wanafunzi wangu, anayekaa dakika 20 kila siku bila kuruka anasindikiza mapambio mepesi ndani ya miezi michache.

Nasisitiza kila siku. Watu wazima wanapenda kusema "nitakaa saa tatu Jumamosi". Jumamosi yenyewe ina harusi. Na hata kama haina, mkono haujifunzi hivyo. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu waliofundishwa kubonyeza mfuatano fulani kwa vidole, wakalala usiku, waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 20, bila kufanya zoezi lolote katikati. Usingizi wenyewe unamalizia kazi. Ukikaa siku saba kidogo kidogo unalala mara saba juu ya somo lako. Ukikaa Jumamosi peke yake unalala mara moja.

Mnawajua watumishi wanaohamishiwa Tukuyu au Busokelo. Baada ya miaka miwili mmoja anaongea Kinyakyusa sokoni, mwenzake anajua salamu tu. Aliyejua ni yule aliyekubali kuchekwa na akina mama wauza ndizi, akakosea kila siku kidogo, akasahihishwa, akaendelea. Aliyesema ngoja kwanza nijue vizuri ndipo nifungue mdomo, mpaka leo anangoja. Chombo cha muziki nacho kinataka mtu kama huyo wa kwanza, aliyekubali kuchekwa.

Basi chagua wimbo mmoja unaoupenda kweli, siyo wimbo wa kuonyesha watu. Kitoe chombo kwenye begi, kiweke pale unapopita ukitoka kula. Mwambie mwalimu, hata akiwa kijana mdogo, asikuonee haya. Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza. Karibuni.

Mdau, Mafinga

Mwalimu nimekusoma, ubarikiwe. Mimi nashughulika na mbao, nina miaka 38. Vidole vyangu ni vinene na vimekomaa kwa kazi. Nina gitaa la nyuzi za chuma. Nikibana uzi mmoja nauzima na wa jirani. Kodi ya F ndiyo imenishinda kabisa, nabana mpaka kiganja kinauma na bado haitoki. Niache nihamie kinanda?

Mleta uzi, Mbeya

Usihame kaka, bado hujapata sababu ya kuhama.

Anza kwa kulikagua gitaa. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Angalia freti ya 12, pima nafasi kati ya uzi na chuma cha freti. Ikizidi milimita 3 hivi, nyuzi ziko juu mno kwa anayeanza, na hata mpigaji mzoefu angelalamika. Watu wengi wanapambana na gitaa bovu huku wakijilaumu wenyewe. Fundi anaweza kushusha kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kule chini, kazi si kubwa. Omba pia akuwekee nyuzi nyembamba zaidi.

Vidole vinene havina tatizo, tatizo ni vinavyolala. Kisimamishe kidole, bana kwa ncha, na ubane karibu kabisa na chuma cha freti, siyo katikati ya nafasi. Hapo utaona nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko unavyodhani. Gumba likae nyuma ya shingo ya gitaa.

F iache kwanza. Piga Em, vidole viwili tu. Halafu Am na C. Tazama hapa vizuri: ukiwa umeshika Am, kidole cha shahada na cha kati visiondoke kabisa. Kinachohama ni cha pete peke yake, kinatoka uzi wa 3 freti ya 2 kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Tayari uko C. Watu wananyanyua mkono mzima, wanaangalia, wanatafuta upya. Wewe hamisha kidole kimoja, rudi, hamisha, rudi, polepole kama humfukuzi mtu. Ukiizoea hiyo njoo kwenye F ndogo ya nyuzi nne nyembamba: shahada ilale juu ya uzi wa 1 na wa 2 freti ya kwanza, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 3. Inatosha nyimbo nyingi sana.

Ncha za vidole kuuma ni kawaida, ngozi itajikaza baada ya wiki kadhaa. Kiganja, kifundo au gumba kuuma si kawaida. Hapo simamisha, pumzika, legeza. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 19, alikuwa na ndoto ya kuwa mpiga piano bingwa, mkono wake wa kulia ukaharibika akiwa kijana na ndoto ikaishia hapo. Usilazimishe maumivu ya mkono, kaka.

Mdau, Kihesa Iringa

Mwalimu, mimi ni nesi, nina watoto wawili na zamu za usiku. Hizo dakika 20 kila siku kuandika ni rahisi, kuzipata ni kazi. Kuna wiki narudi asubuhi naona kitanda tu. Halafu mume wangu ananiuliza "muziki wa nini ukubwani?" Hasemi kwa ubaya, anauliza tu, lakini nakosa jibu na nguvu zinaniishia.

Mleta uzi, Mbeya

Pole sana na zamu dada yangu. Kwako wewe dakika tano siku ya zamu ni mazoezi kamili, usijihukumu. Na siku ambayo hata tano hazipo, fanya hivi: ukiwa kwenye daladala weka mkono kwenye paja, imba moyoni do-mi-so, do-fa-la, ti-re-so, vidole viguse vikifuata. Si mchezo huo. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu zoezi la vidole vitano la piano. Kundi moja lilipiga kwa mikono siku tano, jingine lilikaa mbele ya piano likiwazia tu bila kugusa. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa makundi yote mawili. Waliowazia walikuwa nyuma kidogo kwenye kupiga, lakini walipopewa piano waliwakaribia wenzao haraka. Kuwaza wimbo kwa makini kunaacha alama.

Kama ni kinanda cha umeme chomeka hedifoni, watoto wakilala unapiga bila kumwamsha mtu. Asubuhi ukitoka zamu usijifunze kitu kipya, rudia unachokijua, kisha lala.

Kuhusu mzee wa nyumbani, muulize wimbo anaoupenda yeye tangu ujana. Uwe ndio wimbo wako wa kwanza.

Mdau, Makambako

Mimi natofautiana na mleta uzi. Muziki ni kipaji cha kuzaliwa na ni utotoni. Ukishapita miaka kumi na kitu mlango umefungwa. Tunawapa watu moyo wa bure, wananunua vyombo kwa hela ya ada. Tuwaachie watoto.

Mleta uzi, Mbeya

Asante kwa kusema wazi mkuu, maana wengi wanawaza hivyo kimyakimya.

Kuna kitu kimoja ambacho kweli mlango wake unafungwa mapema. Kuna watu wakisikia mlio wowote, hata honi ya lori, wanakwambia hiyo ni A au B bila kulinganisha na kitu. Uwezo huo ni nadra, na karibu wote walionao walianza muziki wakiwa watoto wadogo. Mtu mzima haupati kirahisi. Lakini nikuulize, kwaya ya kanisani kwenu inaimba kwa uwezo huo? Mwalimu anapiga do, wote wanapata sauti zao kwa kupima umbali kutoka kwenye ile do. Huko kupima umbali ndiko muziki karibu wote duniani unakotegemea, na mtu mzima anakujifunza. Mimi kazi yangu ni hiyo, nawaona wakijifunza kila mwaka.

Kwenda kuwa mpiga piano wa majukwaa makubwa ya dunia ukianza na miaka 40, hilo sitamdanganya mtu, ni gumu mno. Hakuna aliyeniuliza hilo. Wananiuliza kama wanaweza kupiga muziki. Wanaweza.

Kuhusu hela ya ada niko pamoja na wewe. Mtu asinunue chombo kwa mkopo. Makanisa mengi yana kinanda kinachokaa bure katikati ya wiki, aombe kwa viongozi, aanzie hapo.

Mdau, Tukuyu

Nimesoma nikaona nichangie. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimejiunga na kundi la tarumbeta la kanisa letu baada ya kustaafu. Nilipewa tromboni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hao wenzetu wa Ujerumani walikuwa na vikundi vya tarumbeta tangu karne ya 18, kwa hiyo kwetu sauti hiyo tumezaliwa tukiisikia, Pasaka alfajiri, maziko, sherehe. Nilikuwa nasikiliza tu maisha yote.

Tromboni haina vitufe. Ina bomba la kuvuta lenye nafasi saba, na hakuna alama inayokuonyesha nafasi ya tatu iko wapi. Mkono na sikio vinakubaliana vyenyewe. Vijana wa kundi walinivumilia. Ninachotaka kuwaambia wenzangu wa umri wangu ni midomo: midomo inachoka kabla ya pumzi. Nikipiga ubeti mmoja napumzika muda uleule wa ubeti mmoja. Kijana anaweza kupiga saa nzima mfululizo, mimi sishindani naye. Nikiheshimu mapumziko, siku inayofuata midomo inaitika. Nikilazimisha, siku mbili zote sipati sauti.

Na mwalimu kasema kweli kuhusu kufundishwa na wadogo. Kiongozi wetu wa kundi nilimfundisha hesabu darasa la sita. Sasa yeye ndiye anayeniambia nimechelewa kuingia, na mimi naitika "sawa mwalimu". Nimefundisha miaka mingi, najua raha ya mwalimu mwanafunzi anapoitika hivyo.

Mdau, Makambako

Shikamoo mzee. Kwa hili la tromboni nimenyoosha mikono kidogo.

Mdau, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Njoo Pasaka utusikilize.

Mdau, Iringa mjini

Nyote mnazungumzia vyombo vya kuja. Sisi Wahehe tuna ligombo, ubao uliochimbwa katikati na nyuzi zikipita juu yake, mtu anapiga huku anaimba habari. Hugh Tracey alipopita Tanganyika 1950 akirekodi muziki, ligombo alilirekodi. Mtu mzima anaweza kuanza ligombo leo?

Mleta uzi, Mbeya

Anaweza, na pengine kwa ligombo utu uzima ni faida, kwa sababu anayeimba habari lazima awe na habari za kuimba. Huko huhitaji karatasi ya nota. Tafuta mzee anayepiga, kaa naye, muombe apige kipande kifupi kilekile mpaka ukiimbe kwa mdomo, ndipo ushike nyuzi. Mrekodi kwa simu kama ataridhia. Nakusihi usikawie, wanaojua ni wachache na umri wao umeenda.

Mdau, Njombe

Mwalimu huku kwetu Juni na Julai vidole vinakufa ganzi. Nikishika gitaa asubuhi kodi nilizozijua jana zimepotea zote. Nilidhani nasahau, kumbe labda ni baridi?

Mleta uzi, Mbeya

Ni baridi. Kidole cha baridi kinachelewa kuitika na wewe unadhani kichwa kimesahau. Loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, kausha vizuri, ndipo ukae. Usianze na kitu cha kasi, anza na kodi mbili nyepesi mpaka damu itembee. Kama unaweza, piga mchana jua likitoka.

Na gitaa lenyewe usiliegeshe karibu na jiko la mkaa. Kiangazi cha huku hewa ni kavu, ubao unasinyaa, ukiongeza na joto la jiko unaweza kupasuka. Lifungie kwenye begi usiku. Kila ukikaa, rekebisha sauti za nyuzi kwa programu ya simu kabla hujapiga, maana baridi ya usiku na joto la mchana vinazichezea. Ukipiga gitaa lisilokaa sawa unalifundisha sikio lako vibaya.

Mdau, Uyole

Mwalimu naomba na mimi niulize, ingawa nasita. Tunajifunza kinanda pamoja, mimi na binti yangu wa miaka tisa, mwalimu mmoja. Yeye ananipita kila wiki. Anapiga mikono yote miwili, mimi bado mkono wa kushoto unafuata wa kulia kama umefungwa. Nampenda mwanangu na nafurahi, lakini nikikaa pale kinandani naona nimebaki nyuma, na mara nyingine namwachia nafasi yake niondoke.

Mleta uzi, Mbeya

Usiondoke, baba. Nakuomba kwa dhati.

Ni kweli atakupita kwenye vidole. Ana muda, hana mawazo ya kodi ya nyumba, na hajali akikosea. Hilo la mikono kufuatana ni la kila mtu anayeanza ukubwani, linatibiwa kwa kuitenganisha. Wiki nzima mkono wa kushoto peke yake, wimbo uuimbe kwa mdomo badala ya mkono wa kulia. Kushoto kukishajua njia bila kuangaliwa, ndipo uongeze kulia, hatua mbili tatu tu za wimbo, taratibu mno.

Wakati huo msipige kwa zamu, pigeni pamoja. Kinanda cha funguo 61 kinatosha watu wawili. Yeye akae kulia apige wimbo, wewe kaa kushoto ushike besi: do kwenye kodi ya C, fa kwenye F, so kwenye G. Sauti moja moja tu, nzito, kwa wakati. Yeye kwa umri wake atakimbia, watoto wote wanakimbia. Wewe ndiye utakayemshika asikimbie, kwa sababu sikio lako linajua wimbo unatembeaje. Mwambie akusubiri kwenye so, na wewe umsubiri anapotafuta kidole. Muombe pia akuonyeshe kile kipande kinachokusumbua. Atakuonyesha kwa furaha, na akikuonyesha mara mbili tatu na yeye atakuwa amekijua zaidi.

Mdau, Uyole

Nimekuelewa mwalimu. Leo jioni tunajaribu hivyo.

Mdau, Mafinga

Wakuu, mrejesho: nimepima freti ya 12, ni milimita 5 na ushee. Nimeacha F, naenda Am na C kama alivyosema mwalimu, inaanza kukubali. Sasa fundi wa kushusha nyuzi nampata wapi, Mafinga simjui.

Mleta uzi, Mbeya

Milimita 5 ni nyingi mno, pole kaka, umepigana vita kubwa. Wadau wa Iringa mjini na Mafinga, mwenye kumjua fundi wa magitaa anayeaminika amuelekeze mwenzetu. Asipopatikana, fundi seremala mzuri atakusaidia: afungue nyuzi, atoe kile kipande cheupe, apige msasa upande wa chini tu, kidogo kidogo, arudishe na kupima kila mara. Ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 pale kwenye freti ya 12, kipande kipungue milimita 2, kwa hiyo lengo lako la milimita 3 linataka kipungue kama milimita 4. Kama kipande chenyewe ni kifupi kuliko hapo, asimame, tatizo litakuwa kwenye shingo ya gitaa na hiyo ni kazi ya fundi mwenyewe. Tuma picha ya ubavuni tuione kabla hajaanza.